Kabla ya Jembe Kufika Chemchemini

Chemchemi isiyokingwa ni shimo lililo wazi. Mvua ikinyesha, maji ya mlimani huteremka na samadi hadi pale watu wanapochota. Ili kuikinga, mafundi huchimba mpaka kwenye jicho la maji, hulizingira kwa mawe na kokoto, huziba juu kwa udongo wa mfinyanzi, kisha hujenga ukuta wenye bomba. Mtaro upande wa juu hugeuza maji ya mvua, na ua huzuia ng'ombe.

Faida yake ilipimwa papa hapa. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyetuzwa Nobeli ya uchumi mwaka wa 2019, walifuatilia chemchemi zipatazo 200 katika wilaya za zamani za Busia na Butere-Mumias. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kuwa uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi zilizokingwa ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto wadogo kwa takriban robo. Maji ya nyumbani hayakuboreka kiasi hicho, kwani bomba halioshi mtungi.

Ila penye maji ndipo watu walipokaa tangu zamani. Huko Urewe, katika kaunti jirani ya Siaya, vigae vya vyungu vyenye kibonyeo kitakoni vilielezwa na wataalamu mwaka wa 1948. Ni kazi ya wafinyanzi wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na aina hiyo ya vyungu sasa huitwa Urewe. Kigae kikishang'olewa na kutupwa kando, hakuna tena wa kujua kilikuwa tabaka gani la udongo, wala kilikuwa na nini karibu yake.

Miradi mikubwa hutathminiwa athari zake chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999. Kazi ndogo ya chemchemi mara nyingi huanza na jembe tu, na hapo ndipo vitu hupotea. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 humtaka anayegundua kitu cha kale kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7. Mchimbaji akikuta vigae, mifupa au mawe yaliyochongwa, asimamishe kazi, asivioshe wala kuvihamisha, na amwite chifu.

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kinachofaa kuchimba. Kamati ya maji itembee eneo lote mwezi wa Desemba, pamoja na wazee wanaojua palipokuwa na maboma au makaburi, kabla fundi hajalipwa malipo ya kwanza.