Yai na walezi wake: mazungumzo yanayoleta mimba

KATIKA vijiji vya Msambweni, na hata mitaani Diani, mwanamke aliyekaa ndoani miaka miwili au mitatu bila kushika mimba huanza kusemwa. Watu hunong'ona kuwa "hana mayai", na aghalabu ni yeye peke yake anayepelekwa kwa mganga. Ukweli ni kwamba karibu kila mtoto wa kike huzaliwa na mayai tele. Swali la maana ni hili: je, mayai hayo yanakomaa? Jibu lake limo katika mawasiliano ya seli ndani ya ovari.

YAI HALIISHI PEKE YAKE

Msichana huzaliwa akiwa na mayai kati ya milioni moja na milioni mbili. Afikapo umri wa kuvunja ungo, huwa yamebaki yapata 300,000 au 400,000. Kati ya hayo, ni kama 400 au 500 tu yatakayokomaa na kutoka katika miaka yake yote ya uzazi. Mengine hufa polepole.

Kila yai limezungukwa na seli ndogo ndogo, ambazo hapa tutaziita walezi. Yai na walezi wake hukaa ndani ya kijifuko kimoja. Kijifuko hicho kinapokua hujaa maji ndani, mfano wa dafu, na kinapokaribia kupasuka huwa na upana wa milimita 20 hivi.

Zamani ilidhaniwa kuwa amri zote hutoka katika tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo hutoa homoni za FSH na LH. Homoni hizo ni za lazima, lakini hazitoshi. Yai na walezi wake nao hupelekeana protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kichocheo hutoka katika seli moja na kunasa kwenye kipokezi cha seli jirani, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli yake. Habari hupita ndani hadi kwenye jeni, na seli ikajua la kufanya.

Walezi hutoa kichocheo kinacholiambia yai likue. Yai nalo hutoa vichocheo viwili, GDF9 na BMP15, vinavyowaambia walezi waongezeke na wazidi kulilisha. Yai halina uwezo mzuri wa kuvunja sukari, kwa hivyo walezi huivunja kwanza, kisha hulipitishia chakula hicho kwa vijia vyembamba sana. Ndiyo kusema yai halingoji tu kulelewa. Lenyewe huagiza chakula chake.

USHAHIDI WA PANYA NA KONDOO

Mnamo mwaka wa 1996, watafiti nchini Marekani walitangaza habari za panya waliozaliwa bila jeni ya GDF9. Panya majike hao walikuwa tasa. Mayai yalikuwepo, lakini vijifuko vyao vilikwama katika hatua za mwanzo kabisa.

Kisa cha kondoo wa New Zealand waitwao Inverdale kinashangaza zaidi. Mwaka wa 2000 iligunduliwa kuwa wana kasoro katika jeni ya BMP15. Kondoo jike aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja huzaa pacha mara nyingi kuliko kawaida. Lakini aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ni tasa. Ujumbe ukipungua, mayai zaidi ya moja huweza kukomaa pamoja; ukikosekana kabisa, hakuna yai linalokomaa. Mfugaji wa Kinango anayejiuliza kwa nini uzao fulani wa wanyama wake hupenda kuzaa pacha anaulizia jambo lililo karibu na hili.

Binadamu naye hayuko mbali. Mwaka wa 2016, utafiti juu ya akina mama waliozaa mapacha wasiofanana ulionyesha tofauti karibu na jeni mbili: moja ya kutengeneza FSH, na nyingine, SMAD3, ambayo hupitisha ndani ya seli ujumbe wa vichocheo vya jamii ya GDF9.

SIKU YA YAI KUTOKA

Katikati ya mwezi wa mwanamke, homoni ya LH hupanda ghafla. Mwaka wa 2004 ilibainika kuwa ujumbe wake huwafikia kwanza walezi walio nje, nao huupokeza kwa walezi wa ndani kwa vichocheo vingine. Vijia hufungwa, breki iliyokuwa imelizuia yai huachiliwa, nalo humaliza kupevuka na kutoka.

HAYA YANATUHUSU VIPI?

Kwanza, kutopevuka kwa mayai ni ugonjwa kama mwingine, wala si laana. Wako wanawake ambao ovari zao zina vijifuko vingi vidogo visivyokomaa. Dalili yake mojawapo ni kukosa hedhi kwa miezi mingi, na dawa za kusaidia mayai kukomaa zipo.

Pili, yai likikomaa bado lina safari. Barani Afrika, mirija ya uzazi iliyoziba kwa sababu ya maambukizo ni chanzo kikubwa cha ugumba. Hapa Kwale kuna pia kichocho, maradhi ambayo yamefanyiwa utafiti Msambweni tangu miaka ya 1980. Mayai ya minyoo hiyo huweza kunasa katika viungo vya uzazi na kuvidhuru. Anayeona damu katika mkojo, au aliyezoea kuoga na kufua katika mabwawa na vijito, apimwe mapema. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo hiyo.

Tatu, mume naye apimwe. Mbegu zake zikiwa chache au dhaifu, yai lililokomaa barabara halitasaidia kitu.

Ikiwa mwaka umepita bila mimba, au miezi sita kwa mwanamke aliyepita umri wa miaka 35, mke na mume waende hospitali pamoja. Kumlaumu mmoja kabla ya vipimo ni kupoteza wakati, na mayai hayamngoji mtu.