Mgonjwa wa Kichina na neno lisilotajwa

Tuseme mzee wa Kichina amelazwa katika hospitali ya San Francisco, Marekani, akiugua saratani ya ini. Kabla daktari hajaingia wodini, mwana wa mzee anamzuia mlangoni: "Tafadhali, usimwambie baba."

Msomaji, usidhani mwana huyo anavizia urithi. Kwa Wachina wengi waliohamia ng'ambo, hasa wazee, kutaja kifo mbele ya mgonjwa ni kama kukiita. Hata nambari nne huepukwa, kwani matamshi yake yanakaribiana na ya neno "kufa". Ukienda kumjulia hali Mchina, usimpelekee maua meupe wala saa: nyeupe ni rangi ya matanga, na kutoa zawadi ya saa husikika katika lugha yao kama kumhudumia mzazi anayekata roho.

Isitoshe, mtoto mwema hubeba habari mbaya kwa niaba ya mzazi. Lakini sheria za Marekani humpa mgonjwa haki ya kujua. Afanyeje daktari? Kwa maoni yangu asidanganye, wala asimlazimishe mzee kusikia. Amwulize mapema, kabla ya vipimo: "Ungependa nikueleze wewe mwenyewe, ama nizungumze na mwanao?" Mzee akimchagua mwana, hiyo pia ni haki yake. Swali hilo lipitie kwa mkalimani wa hospitali. Jamaa akitafsiri, yale maneno mazito aghalabu hubaki njiani.

Kimya hiki si kupuuza wafu, la hasha! Karne ya 19, mifupa ya vibarua wa Kichina waliofia California ilifukuliwa, ikasafishwa na kurudishwa kwao kwa meli kupitia Hong Kong, ili vizazi vyao viitunze. Mpaka leo, mwanzoni mwa Aprili, familia hufagia makaburi katika sikukuu ya Qingming na kuchoma pesa za karatasi kwa matumizi ya marehemu.

Baada ya mazishi, mfiwa huenda asiseme ana huzuni. Atakuja kliniki akilalamikia uchovu, kukosa usingizi au kifua kubana. Katika mwaka wa 1980, Arthur Kleinman, daktari Mmarekani wa magonjwa ya akili, alichunguza wagonjwa mkoani Hunan, China, waliosemekana kuwa na udhaifu wa neva. Wengi walikuwa na sonona. Hata hivyo, kifua kikibana, moyo upimwe kwanza. Ukikutwa mzima, ndipo daktari aulize kwa upole ni nani aliyezikwa nyumbani hivi karibuni.