Sumu ya Muhogo: Kazi ya Kinu na Kazi ya Moto

Katika vijiji vya Kibaha na Kisarawe, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni kichanga, muhogo ni chakula cha kila siku na pia chakula cha wageni. Huchemshwa, huchomwa, huungwa kwa tui la nazi na kuwekwa katika sinia la futari, majirani wakakaribishwa. Unga wake husongwa ugali, na huweza pia kuchanganywa na unga wa ngano kwa kupikia maandazi na keki. Katika mapishi yote hayo mpishi ana wajibu mmoja usiohusu ladha, nao ni kuhakikisha kwamba sumu iliyomo katika muhogo haifiki sahanini.

Watu wengi hudhani kwamba sumu hiyo huondolewa na moto. Dhana hiyo ina ukweli kidogo, na katika baadhi ya mapishi ni ya hatari.

Mmea wa muhogo hauhifadhi sianidi iliyo huru. Ndani ya seli zake mna kemikali iitwayo linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sianidi. Katika kuta za seli hizo hizo mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu seli ni nzima, vitu hivyo viwili havikutani. Panya akitafuna mzizi, seli huvunjika, kimeng'enya huivunja linamarini, na mwisho wake hutoka gesi ya haidrojeni sianidi. Hiyo ndiyo silaha ya mmea, na ndiyo sababu mkulima anayesumbuliwa na nguruwe na nyani huweza kuuchagua muhogo mchungu kwa makusudi.

Silaha hiyo ndiyo pia inayomsaidia mpishi. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Sentigredi, yaani chini ya joto la kawaida la mchana katika Pwani, na tena huyeyuka katika maji. Ikiisha kufanyika, kuiondoa ni rahisi. Kazi ngumu ni ile ya kwanza: kuvunja seli, kisha kukipa kimeng'enya maji na muda.

Kisamvu ni mfano mzuri. Majani ya muhogo huwa na sumu nyingi kuliko mizizi ya muhogo mtamu, lakini kisamvu kilichotwangwa sawasawa huliwa na familia nzima bila madhara. Kinu huvunja seli, linamarasi hufanya kazi yake, na chungu kikiachwa wazi wakati wa kuchemsha gesi hutoka. Ndipo tui hutiwa. Majani yaliyokatwakatwa tu na kutumbukizwa katika maji yanayotokota ni jambo jingine. Linamarasi, kama vimeng'enya vingine, huharibiwa na joto kali, hali linamarini yenyewe hulistahimili joto la maji yanayochemka. Moto ukitangulia kinu, mfanyakazi huuawa kabla hajaanza kazi. Vipande vya mizizi vilivyochemshwa hupoteza sehemu ya sumu kwa sababu huyeyukia majini, na kwa hiyo maji hayo yapasa kumwagwa.

Tanuri halina uwezo zaidi ya chungu. Ndani ya mkate joto halizidi nyuzi 100, na kimeng'enya hufa mapema. Linamarini iliyokuwamo katika unga hubaki katika mkate, na bakteria wa utumbo huweza kuitoa sianidi humo tumboni.

Kwa hiyo usalama wa keki ya muhogo huamuliwa siku kadhaa kabla ya kuokwa, wakati wa kutengeneza unga. Vipande vinene vikianikwa katika jua kali hupoteza maji kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Unga hutoka mweupe wa kupendeza, nao una sumu. Muhogo mchungu uliolowekwa kwa siku 3 au zaidi mpaka ukalainika hutoa unga ulio salama zaidi. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na FAO na WHO ni miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga.

Madhara ya kufupisha kazi hii yameonekana Tanzania. Katika miaka ya 1980, wilayani Tarime, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mkoa wa Mtwara, ulizuka ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafula, nao hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Ukame huongeza sumu katika muhogo, hata ulio mtamu, na wakati huo huo njaa haimpi mama nafasi ya kungoja siku 3. Tena mwili huhitaji salfa itokayo katika protini ili kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali. Kunde na samaki kando ya ugali wa muhogo si anasa.

Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alitoa njia ya kutumia unga uliokwisha kusagwa. Unga hulowanishwa, hutandazwa katika tabaka isiyozidi sentimeta 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Njia hii hufaa kwa sababu kimeng'enya kilichomo katika unga uliokaushwa kwa jua hakikufa, bali kilikosa maji tu.

Zoezi. Sianidi isichezewe darasani. Kiazi mbatata kitatosha. Kipande kibichi na kipande kilichochemshwa kwa dakika 10 na kupozwa vidondoshewe haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda. Wanafunzi waandike ni kipande kipi kinachotoa povu, kisha waeleze kwa nini muhogo uliokunwa na kuachwa usiku kucha kabla ya kukaangwa hutofautiana na ule uliokaangwa kwanza na kusagwa baadaye.