Baba Asiye na Mshahara Bado ni Baba

SOMO LA FAMILIA
Kusoma: Matayo 1:18-25 na 2:13-23, Kumbukumbu la Torati 6:4-9



Usiku mmoja wa mvua mtoto wetu mdogo alishikwa na homa kali. Mama yake naye alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama, basi nikambeba mimi mpaka kituo cha afya. Muuguzi akaniuliza: ana miezi mingapi? Chanjo ya mwisho alipata lini? Tangu jana amekunywa dawa gani? Sikuweza kujibu hata moja. Akaniangalia, akasema, "Mzee, wewe kweli ni baba yake?"

Katika Chuo cha Biblia nilifanya mtihani wa wafalme wa Yuda, nikawaandika wote kwa mpangilio pamoja na miaka yao. Ya mtoto wangu sikuyajua. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini swali la yule mama lilibaki nami, na ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Kwetu Kongo baba alijulikana kwa shamba, kwa ng'ombe, kwa nyumba aliyoijenga. Hapa Uganda tumepewa kiwanja kidogo, na wengi wetu tunaishi kwa kufanya lejaleja kwenye mashamba ya wenyeji. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipogawa wakimbizi wa nchi hii katika makundi matatu, familia nyingine zilipunguziwa na nyingine zikatolewa kabisa. Nilitembelea nyumba nyingi wakati ule. Niliwakuta wamama na watoto. Wababa walikuwa wametoka mapema, wengine hawakuwa na kazi yoyote ya kwenda, ila hawakutaka watoto waamke na kuwauliza chakula. Aibu inamfanya mtu awe mgeni katika nyumba yake. Jioni anarudi na harufu ya waragi, na anayemwuliza swali anapigwa. Ninaandika haya nikijua majirani zangu watayasoma.

Sasa tumtazame Yosefu. Tunamsoma wakati wa Noeli tu, kisha tunamsahau. Ni seremala, hana mali, naye ni mkimbizi. Alipoonywa katika ndoto hakungoja kupambazuke. Aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akavuka mpaka kwenda Misri. Injili haikuandika neno hata moja lililotoka kinywani mwake, wala haituambii Misri alipata kazi gani au alikula nini. Inatuambia alimpa mtoto jina, alimtoa katika hatari, na alipotaka kurudi akasikia habari ya Arkelao, akaogopa, akabadilisha njia kwenda Galilaya. Wako wanaume wanaodhani kuogopa kwa ajili ya mtoto ni udhaifu. Katika Matayo hiyo ni kazi ya baba.

Musa naye katika Torati anataja saa za kufundisha watoto: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Hakuna saa hata moja hapo inayodai pesa.

Lakini mtu hawi baba mwema kwa kuhubiriwa tu, na hapa inafaa tujifunze kwa mashirika ambayo yamefanya kazi hii karibu nasi. Kaskazini mwa Uganda, katika eneo la Atiak, wilaya ya Amuru, kulikuwa na mradi wa REAL Fathers wa shirika la Save the Children pamoja na Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani. Ulijaribiwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2015. Ulihusu wababa vijana, wenye miaka 16 hadi 25, wenye watoto wadogo. Hesabu miaka yao: hao walizaliwa na kukua wakati wa vita ya LRA, wakati Waacholi wengi walipoishi makambini. Wengi hawakumwona baba akilima, hawakuona wazee wakikaa kando ya moto na kufundisha. Wangejifunza wapi? Mradi ulitumia wanaume wa palepale kijijini, watu wanaojulikana kwa mwenendo wao mwema, wakawatembelea vijana na kuzungumza nao juu ya mke, watoto na hasira. Picha kubwa zilibandikwa hadharani ili kijiji kizima kiongee jambo hilohilo.

Jirani zetu wa Rwanda wana mradi wa Bandebereho, neno lenye maana ya mfano wa kuigwa, ulioanzishwa na shirika la RWAMREC na Promundo, ambalo sasa linaitwa Equimundo. Wababa wenye watoto wadogo, na wale wanaongojea mtoto, walikutana katika vikundi kwa masomo 15, na katika baadhi ya masomo wake zao walikuja pia. Waliongea juu ya mimba, pombe, ugomvi, na jinsi ya kuamua matumizi ya pesa pamoja. Kisha wataalamu wakafuatilia wanandoa 1,199, wengine waliofundishwa na wengine ambao hawakufundishwa. Karibu miaka miwili baada ya kuanza, katika wale wasiofundishwa wanawake 57 kwa kila 100 walisema walipigwa na waume zao mwaka ule. Katika waliofundishwa walikuwa 33. Kupiga watoto pia kulipungua, na wababa walifanya zaidi kazi za nyumbani na kwenda zaidi na wake zao kliniki ya wajawazito. Tena waliulizwa wanawake wenyewe. Mwanamume akisema ameacha kupiga, nenda kaulize jikoni.

Lakini 33 ni wengi bado. Mradi hauokoi roho. Hata hivyo mimi, mhubiri wa miaka mingi, sijui mahubiri yangu yamepunguza nini, maana sikuwahi kuwauliza wamama.

Nilipoeleza haya katika baraza la wazee, mzee mmoja alisimama: "Mchungaji, sasa unataka tuoshe nguo za watoto, mwanamke awe kichwa?" Nilimheshimu, maana alisema waliyokuwa nayo wengi moyoni. Nilimjibu kwamba Bwana wetu alifunga taulo kiunoni akaosha miguu ya watu kumi na wawili, na jioni ile wanafunzi hawakuacha kumwita Bwana. Yule mzee aliketi, hakusema amekubali.

Jambo moja la kuangalia. Tukiwahimiza wababa waende kliniki, isiwe sheria ya kuwafukuza wamama waliokuja peke yao. Tunao wajane, na wenye waume waliopotea vitani.

Na semina zenye soda na nauli zimetuzoesha vibaya. Soda ikiisha, kikundi kinakufa. Kwa hiyo kikundi chetu cha wababa kitaanza bila chochote, watu kumi na wawili, Jumamosi saa kumi jioni chini ya mti wa kanisa. Wazee wawili wataongoza. Mimi nitaketi kama mwanafunzi, nikiwa na kadi ya chanjo ya mtoto wangu mfukoni. Sasa ninajua tarehe zote.

Maswali ya kujadili

1. Baba yako alikufundisha nini kwa mkono wake, bila maneno? Ni nini usichotaka kukirudia?

2. Taja saa moja ya siku ambayo watoto wako wanajua hakika watakuona.

3. Kila mtoto wako ana miaka mingapi na miezi mingapi, anasoma darasa gani, anaogopa nini? Mume aandike majibu peke yake, mke naye peke yake, kisha mlinganishe karatasi.