Mahabusu Hujazwaje? Hesabu ya Haki Kutoka Kawajense

Ukifungua daftari la mahabusu ukakuta wengi waliomo ni watu wa asili moja, umeona nini? Wapo watakaosema haraka kwamba watu hao ndio wahalifu. Wengine watasema kwa haraka ileile kwamba polisi wanawaonea. Majibu yote mawili yametoka kabla ya kupima. Anayetaka kupima huanza na swali dogo zaidi: mtu hupita hatua zipi hadi afike humo, na kila hatua inamchuja nani?

Tutunge mji wa mfano wenye watu wazima 1,000: wenyeji 700 na wageni 300. Tuseme pande zote mbili zinavunja sheria sawasawa, watu 10 katika kila 100. Wakosaji watakuwa wenyeji 70 na wageni 30. Sasa doria ipite zaidi mitaa ya wageni, kiasi kwamba anakamatwa mkosaji mmoja katika kila wawili wa kwao, na mmoja katika kila watano upande wa wenyeji. Kituoni watafika wageni 15 na wenyeji 14. Halafu ije dhamana. Wenyeji 12 wanadhaminiwa, wanabaki 2. Wageni 5 wanadhaminiwa, wanabaki 10.

Anayechungulia mahabusu atakuta watu 12, na 10 kati yao ni wageni. Mgeni mmoja katika kila 30 yumo ndani. Kwa wenyeji ni mmoja katika kila 350. Tofauti ni karibu mara 12, ilhali tulianza na watu wenye makosa yanayolingana kabisa. Imetoka wapi? Hatua ya kukamatwa iliwaonea wageni mara 2.5, na hatua ya dhamana karibu mara 4.7. Hatua hazijumlishwi, zinazidishwa. Hili ndilo somo zima, na naomba msomaji alirudie kwa kalamu na karatasi. Upendeleo mdogo kituoni na mwingine mdogo mahakamani huzaa pengo ambalo hakuna askari wala hakimu aliyekusudia kulichimba.

Nimesema wenyeji na wageni kwa sababu Katavi, mkoa wenye Kawajense, ni mkoa wa watu waliohamia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958, na hakuna mkoa nchini uliokua kwa kasi hiyo. Wamekuja wafugaji na ng'ombe wao, wakulima wa mpunga na mahindi, wachimbaji wa dhahabu. Mfikirie kijana aliyepanga chumba Kawajense, pale Mpanda mjini, anaendesha bodaboda ya tajiri, ndugu zake wako Shinyanga. Amekamatwa kwa kosa lenye dhamana. Mara nyingi ataambiwa alete wadhamini wawili, wakazi wanaofahamika, wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa iliyogongwa muhuri. Mwenyekiti hawezi kumwandikia barua mtu asiyemjua. Mwenye nyumba anaogopa kuweka jina lake. Jirani wa chumba cha pili naye ni mpangaji wa juzi. Aliyezaliwa hapohapo atawapata wadhamini kabla ya adhuhuri, kwa kosa lilelile. Sharti la wadhamini lina sababu ya haki, kwani mahakama inataka mtuhumiwa arudi siku ya kesi. Lakini kinachopimwa kwa sharti hilo ni idadi ya jamaa wa karibu, na wingi wa jamaa si ushahidi wa kosa wala wa nia ya kutoroka.

Sheria yenyewe pia inaweza kulitengeneza pengo. Chini ya Wajerumani, amri ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika achapwe kiboko hadi viboko 25 kwa mara moja. Waarabu na Wahindi walisamehewa adhabu hiyo. Waingereza wakaweka mahakama za Waafrika kando na mahakama nyingine, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ndiyo iliyofuta utaratibu huo wa mahakama kwa rangi.

Karibu zaidi na Kawajense kuna Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kwa miaka mingi mkimbizi wa Katumba alihitaji kibali ili atoke kwenye makazi. Akija mjini Mpanda bila karatasi hiyo, alikuwa na kosa la jinai; Mtanzania aliyepanda naye gari moja hakuwa na kosa lolote. Kuanzia 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walipewa vyeti vya uraia. Safari zao sokoni hazikubadilika, ila kosa likafutika. Kwangu mimi hayo ni mageuzi makubwa ya haki jinai katika ukanda huu, ingawa hayakuitwa hivyo.

Marekani ilifanya jambo linalofanana. Sheria ya 1986 ilimpa miaka 5 aliyekutwa na gramu 5 za kokeini ya kuvuta, iliyowafunga zaidi watu weusi. Kwa kokeini ya unga ilihitajika gramu 500. Mwaka 2010 uwiano huo wa 100 kwa 1 ulishushwa hadi 18 kwa 1. Na pengo hujilisha lenyewe. Mwaka 2016 watafiti Kristian Lum na William Isaac walijaribu programu ya kupanga doria kwa kumbukumbu za polisi wa Oakland. Makadirio ya afya yalionyesha watumiaji wa dawa za kulevya wametapakaa mji mzima, lakini programu ingewarudisha askari kwenye mitaa ya watu wasio weupe, kwa sababu huko ndiko walikokamata watu zamani.

Sisi tunapimaje? Sensa zetu hazijauliza kabila tangu 1967, nami naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, umetulinda. Lakini ibara ya 13 ya Katiba inakataza kubagua watu kwa kabila, rangi, mahali walikotoka na hata hali yao ya maisha, na katazo lisilopimwa halimlindi mtu. Hatuhitaji kumuuliza mahabusu kabila lake. Inatosha kulipima chekeche lenyewe: amekaa siku ngapi, dhamana ilikuwa na masharti gani, alikwama kwenye sharti lipi, ameishi mtaani hapo miaka mingapi.

Yapo mageuzi ya kushikia: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021, na Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023. Naomba liongezwe dogo moja. Kila daftari la mahabusu liwe na safu inayotaja sababu ya mtu kukosa dhamana, na jumla zake zibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo wa mahakama. Nanyi wenyeviti wa mitaa ya Kawajense, waandikisheni wapangaji wapya wanapohamia, msingoje siku mmoja wao atakapokuja kuomba barua akiwa amefuatana na askari.