Paa Yupi, Paa Lipi?

Weka kiganja karibu na midomo, kisha useme paa, lile la makuti. Sasa sema paa, yule mnyama wa porini. Ukiwa mtu wa Mvita, yaani Mombasa, uliyelelewa Kibokoni au Kuze, wa pili atakupulizia kiganja na la kwanza halitakupulizia. Herufi ni zile zile ila pumzi si moja. Katika neno la mnyama, midomo ikishaachana, pumzi hutangulia kutoka kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetemeka. Kuchelewa huko ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na sikio la Mombasa limezoea kukunasa. Ndivyo linavyotenganisha pia kaa la moto na kaa wa ufukweni, chungu cha kupikia na chungu wanaotambaa ukutani. Wasemaji wengi wa bara hawaitumii tofauti hii, na maandishi ya kawaida hayaionyeshi.

Naanzia hapa kwa sababu kila mara huulizwa wimbo fulani wa taarabu una maana gani, kana kwamba maana imo ndani yake kama kokwa ndani ya embe. Tushike kwanza kilichomo kwa hakika, nacho ni sauti. Sauti hupotea njiani. Enzi za kanda, nyimbo za waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilinakiliwa kanda hadi kanda, na kila nakala ikaongeza mvumo. Pumzi ya paa nayo ni mvumo tu, tena hafifu. Mvumo mkubwa ukiumeza mdogo, mnyama na makuti huwa kitu kimoja masikioni. Kisha kuna lahani. Tunaposema, mkazo hutuambia kama barabara ni njia au ni sawasawa; mwimbaji akiivuta silabi kufuata udi, mkazo ule hausikiki tena.

Hasara hii si ya pwani peke yake. Mwaka 1963 kundi la The Kingsmen huko Marekani lilitoa wimbo wa roki uitwao "Louie Louie", ulioimbwa kwa maneno yasiyosikika vizuri. Wazazi wakasikia matusi. Wapelelezi wa FBI wakauchunguza, wakaucheza kwa kasi mbalimbali, na mwishowe wakakiri kwamba maneno yake hayasikiki. Waliosikia matusi hawakusema uongo: palipo na pengo, akili hujaza kwa kile ilichokuwa ikikihofia au ikikitamani.

Lugha yetu ina kinga dhidi ya mapengo ya aina hiyo, nayo ni upatanisho. Paa limevuja, paa ameruka. Hata pumzi ikipotea, kiambishi kinarudia habari ile ile mara ya pili, na maana inaokoka. Kama mtunzi angetaka tuelewe tu, angetulia hapo.

Lakini tazama kinga yenyewe ilipo na mwanya. Kiambishi a- humchukua mwanamume, mwanamke, na mnyama pia. Mtu akisema "ndege wangu ameruka", sarufi haimlazimishi kueleza kama anamsema ndege wa kweli, mke, mume au mwana aliyesafiri kwenda Ghuba. Mwingereza angelazimika kuchagua kiwakilishi, na akishachagua fumbo limekwisha kupasuka nusu. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kwenda beti kumi na ndege wake bila kukosea upatanisho hata mara moja. Mimi naamini utamu wa mafumbo ya Mvita umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya silabi hii moja fupi.

Tunaweza hata kupima. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon alionyesha kwamba habari huhesabika kwa maswali ya ndiyo na siyo. Tuseme ndege wetu ana maana nne, na zote zina uzito sawa: maswali mawili yanatosha kuifikia moja. Wimbo hauyajibu. Basi majibu lazima yatoke kwingine.

Yanatoka ukumbini. Harusi ya Mji wa Kale, taarabu imekolea, mwanamke mmoja anainuka ubeti fulani ukiimbwa. Anakwenda kutuza, noti imeinuliwa juu, na jicho lake limeelekea upande mmoja wa ukumbi. Wanaojua nani kagombana na nani wameshajibiwa maswali yote mawili. Mwimbaji hakuongeza neno. Bhalo mwenyewe aliimba tungo nyingi za binamu yake, mshairi Ahmad Nassir, kwa hiyo hata "mimi" ya wimbo haikuwa lazima iwe ya yule anayeimba, sembuse "wewe" yake.

Je, kila tafsiri ni sawa basi? La, hasha. Tafsiri nzuri hupita beti zote bila kuruka hata mmoja. Ukisema ndege ni mke, na ubeti wa nne unataja kiota alichokijenga kwa jirani, tafsiri yako imepata nguvu. Ukilazimika kuufumbia macho ubeti huo, iache. Na kati ya tafsiri mbili zinazopita kote, naishika ile isiyonitaka nibuni visa ambavyo hakuna aliyevishuhudia.

Mshairi Muyaka bin Haji aliwafumbia watu wa Mombasa siasa zao enzi za utawala wa Mazrui, akafariki karibu na mwaka 1840. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake pamoja na mmisionari W. E. Taylor, zikaandikwa zikiwa na maelezo ya kuzifafanua. Bila maelezo hayo nyingi zingetufikia kama ndege asiye na mwenyewe. Walioketi kwenye harusi alizoimba Bhalo bado wapo, jioni hukaa barazani wakinywa kahawa. Tuwaulize nani aliinuka na noti, kwenye ubeti gani, na alikuwa akimtazama nani.