Ushahidi wa Samaki: Upelelezi na Utangazaji katika Darasa la Sita

Upelelezi wa makosa na utangazaji wa redio hufundishwa katika vyuo mbalimbali. Askari wa nchi hii hupata mafunzo yao ya awali katika Shule ya Polisi, Moshi. Waandishi na watangazaji wengi walipitia chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, ambacho mwaka 2003 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kazi hizi mbili zina mazoea mamoja ya msingi: kutenga kilichoonwa, kilichosikiwa na kilichodhaniwa. Mazoea hayo mtoto wa Darasa la Sita aweza kuyapata, na kwa shule za pwani ya Tanga liko jambo moja linalofaa sana kwa somo hilo, yaani uvuvi wa baruti.

Uvuvi huo umeisumbua pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na umepigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1970. Mkoani Tanga mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994 ulivishirikisha vijiji katika kulinda miamba ya matumbawe na katika doria za baharini. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo pamoja, nao samaki wengi huzama wasiokotwe. Matumbawe yaliyovunjika huchukua miongo kadhaa kurudi, kama yakirudi.

Kwa somo la kwanza, mwalimu apate samaki wawili au watatu wenye kibofu cha hewa, kama vile changu au mbono. Awapasue mwenyewe mbele ya darasa, polepole. Mshindo wa baruti hupita majini kwa nguvu na kukigonga kibofu hicho, kwa sababu hewa hubonyea kwa urahisi kuliko nyama. Hivyo samaki aliyelipuliwa huweza kuwa na kibofu kilichopasuka, damu iliyovilia tumboni, na pengine uti wa mgongo uliovunjika, hali ngozi yake yaonekana nzima. Aliyenaswa kwa ndoana ana jeraha kinywani. Wa wavu huwa na alama za nyuzi karibu na matamvua. Papa hana kibofu, hivyo yeye haonyeshi dalili hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na mwalimu asipite mbio. Samaki aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu naye huharibika kibofu, kwa kuwa hewa iliyomo hutanuka. Samaki aliyelala juani bila barafu hulegea na kutoa maji mekundu. Basi kila dalili iandikwe ubaoni pamoja na sababu zote zinazoweza kuileta, na wanafunzi waulizwe ni dalili ipi nyingine ingetusaidia kuchagua. Darasa litakalofika mwisho wa kipindi likisema juu ya samaki mmoja, "Huyu hatujui alivuliwaje," limejifunza vizuri.

Somo la pili ni la sauti. Mwaka 2015 watafiti walisafiri kwa chombo mwambao wa Tanzania wakikokota vinasa sauti vya majini, nao walithibitisha milipuko 318. Zaidi ya nusu ilitokea karibu na Dar es Salaam. Kwa hiyo chombo cha fundi wa redio kikawa chombo cha upelelezi. Wanafunzi wapewe hesabu: sauti huenda yapata mita 1,500 kwa sekunde katika maji ya bahari, na mita 340 hewani. Mlipuko ukitokea kilomita 3 kutoka ufukweni, mpiga mbizi ausikia baada ya sekunde ngapi, na aliyesimama mchangani baada ya ngapi? Majibu ni 2, na karibu 9. Mashahidi wawili waaminifu waweza kutofautiana, na wote wakawa wakweli.

Sasa niseme lililo zito. Mwanachuo mmoja, katika mazoezi ya kufundisha, aliandika ubaoni: "Nani hupiga baruti kijijini kwetu?" Darasa lilinyamaza kimya, na watoto wawili wakainamisha vichwa. Swali hilo si la shule. Mtoto aweza kuwa mwana wa mvuvi, au mpwa wake, au jirani yake. Jibu lake laweza kumletea kipigo nyumbani na chuki mtaani. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa ana hatia. Seuze mtu ambaye hata hajashtakiwa. Somo lichunguze samaki na sauti, lisichunguze watu. Aidha, wanafunzi waonywe wazi wasiguse kitu chochote cha baruti wakikiona ufukweni, bali wamwite mtu mzima.

Baada ya hayo darasa litengeneze taarifa ya redio ya dakika 3. Kanga ikitandikwa kwenye kamba pembeni mwa darasa yatosha kuwa studio, kwa kuwa wasikilizaji wasipomwona msomaji hutegemea masikio tu. Mmoja asome, wawili wawe ripota, mmoja ashike saa. Nchi hii ina mazoea ya kujifunza kwa redio: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadiliana. Kabla ya kusomwa, kila sentensi ya taarifa ipitiwe na darasa zima. "Wavuvi wanaangamiza bahari" ifutwe. "Tulipasua samaki 3, na 1 kati yao alikuwa na kibofu kilichopasuka" ibaki. Mwalimu atoe alama kwa usahihi kwanza, kisha matamshi. Sauti nzuri isifunike uzushi.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi asikilize taarifa moja ya habari, ya kituo chochote, aandike habari tatu alizozisikia, na mbele ya kila moja ataje mtangazaji alisema ameipata kwa nani.